Stani: Bati halisi lililojificha katika mkebe, taa na simu

UKIMWOMBA mkazi yeyote wa Homa Bay akuonyeshe bati, bila shaka atanyosha kidole kuelekea paa la nyumba iliyo karibu. Kwa lugha ya kila siku atakuwa amejibu sawasawa. Kwa lugha ya kemia, hata hivyo, paa hilo halina bati hata chembe. Mabati ya kuezekea ni karatasi za chuma zilizopakwa zinki, au mchanganyiko wa zinki na alumini. Bati halisi, ambalo wanakemia huliita stani, ni metali nyingine kabisa, nayo hupatikana mahali ambapo wengi hawatarajii: katika mkebe wa samaki, kwenye gorogoro ya kupimia mahindi, kwenye maungio ya koroboi, na ndani ya simu ya mkononi.

Tofauti hiyo si ya majina tu. Kwa kuielewa, msomaji atajua kwa nini paa lenye mikwaruzo hudumu miaka mingi ilhali mkebe uliokwaruzwa huota kutu upesi, kwa nini hapaswi kuhifadhi chakula katika kopo lililokwisha kufunguliwa, na kwa nini moshi wa lehemu katika kibanda cha fundi unafaa kuogopwa.

Sifa za stani

Stani ni elementi ya kikemia yenye namba atomia 50. Alama yake ni Sn, iliyotokana na neno la Kilatini stannum. Ni metali nyeupe yenye mng'ao wa fedha, laini kiasi kwamba huweza kukatwa kwa kisu chenye makali. Kila sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 7.3 hivi, yaani hukaribia uzito wa chuma.

Sifa yake mashuhuri ni kuyeyuka kwa wepesi. Chuma huhitaji joto la nyuzi 1,538 za Selsiasi ili kiyeyuke, na shaba nyuzi 1,085. Stani huyeyuka kwa nyuzi 232 tu, joto ambalo jiko la makaa hulifikia bila taabu.

Kuna mengine ya kustaajabisha. Ukikunja ufito wa stani safi, utasikia mlio mwembamba, kana kwamba metali inalia. Mlio huo hutokana na fuwele za ndani zinaposuguana na kubadilisha mpangilio wake. Vilevile, hakuna elementi nyingine yenye isotopu thabiti nyingi kuishinda: stani inazo 10.

Aidha, metali hii huchukia baridi kali. Chini ya nyuzi 13.2 za Selsiasi, stani nyeupe huanza kupoteza uthabiti wake, na katika baridi ya muda mrefu iliyo chini sana ya sifuri huweza kugeuka kuwa unga wa kijivu. Mafundi wa Ulaya ya zamani waliuita ugeukaji huo ugonjwa wa bati, kwani doa moja huenea hadi kuharibu chombo kizima. Kandokando ya Ziwa Victoria, ambako jua halina mzaha, hofu hiyo haipo.

Jina na safari yake

Kiswahili kina msamiati mpana wa vyombo vilivyotengenezwa kwa chuma kilichopakwa stani, na historia ya maneno hayo ni historia ya biashara. Neno kopo lilitokana na Kireno, ambako maana yake ni bilauri. Debe lilitoka Bara Hindi, likashika mizizi Afrika Mashariki wakati mafuta ya taa yalipouzwa katika vyombo vya galoni nne, yaani lita 18 hivi. Mafuta yalipokwisha, chombo kilibaki. Kikawa cha kuchotea maji, kupimia nafaka, kuchemshia, hata ngoma ya watoto. Ndipo wahenga wakanena kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Nje ya Afrika Mashariki, stani ilibadilisha historia zamani zaidi. Zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, mafundi wa Mashariki ya Kati waligundua kwamba shaba ikichanganywa na stani kidogo, yapata sehemu moja kwa kumi, hupatikana metali ngumu kuliko zote mbili. Hiyo ndiyo shaba nyeusi, au bronzi, iliyotumika kutengeneza silaha, kengele na sanamu, na ambayo wanahistoria wameipa enzi nzima jina lake. Barani Afrika, wachimbaji wa Rooiberg nchini Afrika Kusini walikuwa wakichimba stani karne kadhaa kabla ya ukoloni.

Kwa nini Migori ina dhahabu lakini haina stani

Wakazi wa Nyatike na Migori wamezoea habari za madini. Mgodi wa Macalder ulitoa shaba na dhahabu tangu enzi za ukoloni hadi miaka ya 1960, na hadi leo wachimbaji wadogo huteremka mashimoni kutafuta dhahabu. Mbona basi hakuna stani?

Jibu limo katika umri na asili ya miamba. Miamba ya Migori ni ya kale mno, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, nayo ilitokana kwa sehemu kubwa na volkano za chini ya bahari. Miamba ya aina hiyo hubeba dhahabu, shaba na zinki. Stani hupenda makazi mengine. Huambatana na aina fulani ya matale, miamba iliyopoa polepole chini ya ardhi na kuacha maji ya moto yapenye katika nyufa yakiwa yamebeba madini.

Matale ya namna hiyo yapo ng'ambo ya pili ya ziwa. Ukanda wake unapita Kyerwa na Karagwe katika mkoa wa Kagera nchini Tanzania, Ankole nchini Uganda, Rwanda, Burundi, hadi Kivu na Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nao ulizaliwa takriban miaka bilioni moja iliyopita. Machimbo ya Mwirasandu, Uganda, na yale ya Kyerwa yalianza enzi za wakoloni, na Rutongo nchini Rwanda pangali panachimbwa.

Kinachochimbwa si metali yenyewe bali jiwe zito jeusi au la kahawia liitwalo kasiteriti, ambalo ni muungano wa stani na oksijeni. Kasiteriti safi ina stani karibu gramu 79 katika kila gramu 100. Kwa kuwa ni zito kuliko mchanga, wachimbaji wadogo hulitenga kwa kuosha udongo katika maji, mtindo unaofanana na ule wa wachimba dhahabu wa Migori. Baadaye huchomwa pamoja na makaa katika tanuri. Kaboni hunyakua oksijeni, na stani ikamiminika.

Si metali ya kupatikana ovyo. Katika ganda la dunia, kila tani moja ya mwamba ina wastani wa gramu mbili hivi tu za stani. Ulimwengu huchimba takriban tani 300,000 kwa mwaka, ilhali shaba hupita tani milioni 20.

Mkebe wa chakula

Mwaka 1810, Mwingereza Peter Durand alipata hataza ya kuhifadhi chakula katika vyombo vya chuma kilichopakwa stani. Muda mfupi kabla ya hapo, Mfaransa Nicolas Appert alikuwa ameonyesha kwamba chakula kilichofungwa vizuri katika chupa na kuchemshwa hakiozi. Kuunganisha mawazo hayo mawili ndiko kulikozaa mkebe.

Mkebe wa leo ni chuma tupu karibu wote. Ngozi ya stani iliyoupaka ina unene wa takriban sehemu moja ya elfu ya milimita, na aghalabu ni nyembamba kuliko hapo. Katika mkebe wa gramu 200, stani yote haifiki hata gramu mbili. Hata hivyo, ngozi hiyo ndiyo inayozuia chuma kisikutane na hewa na unyevu.

Hapa ndipo tofauti ya paa na mkebe inapojitokeza. Zinki iliyo kwenye mabati ni mlinzi anayejitoa mhanga. Paa likikwaruzwa, zinki ya kando huliwa kwanza, na chuma kikasalimika kwa muda mrefu. Stani haina moyo huo. Ikiwa nzima, hulinda kama ukuta. Ukuta ukitobolewa palipo na hewa na unyevu, chuma ndicho kinacholiwa, tena kwa kasi kuliko kama kisingepakwa kitu. Hii ndiyo sababu kopo lililotupwa kando ya njia huoza katika misimu michache ya mvua, ilhali paa la jirani lingali likimeremeta.

Ndani ya mkebe uliofungwa, mambo hugeuka. Kwa kuwa hakuna oksijeni, asidi za matunda au nyanya husababisha stani kuliwa badala ya chuma, nayo huyeyuka kidogokidogo kuingia katika chakula. Kiasi hicho ni kidogo kwa kawaida. Tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, Codex Alimentarius, imeweka kikomo cha miligramu 250 za stani kwa kila kilo ya chakula cha mkebe, na miligramu 150 kwa vinywaji. Ili kupunguza zaidi, viwanda vingi hupaka utando mwembamba wa plastiki ndani ya mkebe.

Hatari huja baada ya kufungua. Oksijeni huingia, na chakula chenye asidi huanza kula stani kwa kasi. Mwenye kula chakula kilicholala katika kopo wazi huonja ladha ya chuma, na stani ikiwa nyingi huweza kuumwa tumbo, kutapika na kuhara. Dawa yake ni rahisi: hamishia kilichobaki katika bakuli la kioo, kauri au plastiki lenye kifuniko.

Gorogoro na haki ya mkulima

Katika masoko ya Homa Bay, Oyugis, Ndhiwa na Rongo, mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili ulipata maisha ya pili na jina jipya: gorogoro. Kwa miongo mingi umekuwa kipimo cha mahindi, maharagwe, mtama na omena. Bei ya unga bungeni hutajwa kwa kilo. Sokoni hutajwa kwa gorogoro.

Wepesi wa chuma chembamba kilichopakwa stani ndio unaofanya mkebe huo ufae, na ndio unaofanya udanganyifu uwezekane. Kitako kikigongwa kuingia ndani, au ubavu ukibonyezwa, mnunuzi hupunjwa kila anapopimiwa. Kinyume chake, mlanguzi anayenunua kwa mkulima huweza kuja na mkebe uliotanuliwa, au kudai nafaka irundikwe hadi imwagike. Wanaopunjwa ni mjane mwenye ekari moja na mama anayenunua chakula cha siku moja.

Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513 ya Sheria za Kenya, inalazimisha matumizi ya vipimo vilivyokaguliwa na kupigwa mhuri, na gorogoro haimo miongoni mwa hivyo. Mizani ndiyo shahidi asiyehongwa. Pale ambapo haipo, mnunuzi ana haki ya kuomba kuutazama mkebe ndani na kitakoni kabla ya kupimiwa. Siku hizi mafuta mengi ya kupikia huuzwa katika vyombo vya plastiki, na gorogoro za chuma zinapungua, lakini jina na hila zimebaki.

Koroboi na kazi ya lehemu

Kazi nyingine kubwa ya stani ni kuunganisha metali nyingine. Fundi wa jua kali anayetengeneza koroboi, ambayo Waluo huiita nyangile na wengine kibatari, hukata mkebe mkuukuu, akaukunja, kisha akafunga maungio kwa lehemu. Lehemu ya jadi ni mchanganyiko wa stani na madini ya risasi. Zikichanganywa kwa kadiri ya sehemu 63 za stani kwa 37 za risasi, huyeyuka kwa nyuzi 183 tu, chini kuliko kila moja ikiwa peke yake.

Lehemu haishiki kama gundi. Stani iliyoyeyuka hupenya kidogo katika uso wa shaba au chuma na kufanya tabaka jembamba la metali mseto. Kwa sababu hiyo fundi hulazimika kusafisha uso huo kwanza, aghalabu kwa tindikali au utomvu mkavu. Penye kutu au mafuta, lehemu hujiviringa kama matone ya maji kwenye jani la mgomba.

Koroboi yenyewe inaelekea kuaga. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, lilishauri watu waache kutumia mafuta ya taa majumbani kwa sababu ya moshi na hatari ya moto. Nchini Kenya, ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ulioanza Septemba 2018 ulipandisha gharama, huku nyaya za umeme na taa za sola zikienea vijijini. Ziwani nako, wavuvi wa omena wa Mbita, Rusinga na Mfangano, ambao huwavuta samaki hao kwa mwanga katika usiku wa giza, wamekuwa wakiacha karabai na kuchukua taa za betri na za sola.

Stani, hata hivyo, haikuondoka na koroboi. Imehamia ndani ya taa hizo za sola.

Simu na madini ya Kongo

Karibu nusu ya stani yote duniani leo hutumika kama lehemu, na sehemu kubwa ya lehemu hiyo huenda katika vifaa vya elektroniki. Ukifungua simu, redio au kidhibiti cha sola, utaona ubao wenye nukta nyingi zinazong'aa. Kila nukta ni tone la stani lililounganisha kijenzi na njia ya umeme. Uso wa kioo cha simu nao huwa na utando usioonekana wa oksidi ya stani na indiamu, ambao hupitisha umeme na mwanga kwa pamoja.

Mahitaji hayo yaliiletea Kongo Mashariki neema na balaa. Katika Kivu, makundi yenye silaha yalitoza kodi na kupora wachimbaji wa kasiteriti kwa miaka mingi. Mwaka 2010, Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, iliyozitaka kampuni kueleza iwapo stani, tantali, tungsteni na dhahabu zinazotumia zimetoka Kongo au nchi jirani. Septemba mwaka huohuo, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, marufuku iliyodumu hadi Machi 2011 na kuwaacha wachimbaji wengi bila riziki.

Mgodi wa Bisie, wilayani Walikale, uliowahi kuwa mikononi mwa wenye bunduki, uligeuka mgodi mkubwa wa kisasa mwaka 2019. Mwaka 2024 ulizalisha zaidi ya tani 17,000 za stani. Hata hivyo, Machi 2025 kazi ilisimamishwa waasi wa M23 walipokaribia, ikaanza tena kwa awamu mwezi uliofuata. Bei ya stani katika soko la London ilipanda kwa habari hizo. Hivyo ndivyo risasi inayolia Walikale inavyogusa bei ya lehemu kwa fundi wa Kendu Bay.

Risasi ndiyo ya kuogopwa

Stani yenyewe, ikiwa metali, haina sumu kubwa. Adui ni mwenzake katika lehemu. Madini ya risasi huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Marekani ilipiga marufuku mikebe ya chakula iliyofungwa kwa lehemu ya risasi mwaka 1995, na Umoja wa Ulaya uliizuia katika vifaa vingi vya elektroniki kuanzia Julai 1, 2006. Lehemu mpya huwa stani tupu karibu yote, pamoja na fedha na shaba kidogo, nayo huhitaji joto la nyuzi 217 au zaidi.

Wakenya hawahitaji kwenda mbali kuona madhara ya risasi. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi waliathiriwa na mabaki ya kiwanda cha kuyeyushia betri, na Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni.

Kwa fundi wa simu au redio, tahadhari ni hizi: afanyie kazi penye hewa, dirisha likiwa wazi na feni ikipuliza moshi upande mwingine; asile wala kunywa mezani pa kazi; anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto; na anunue lehemu isiyo na risasi akiipata. Vyombo vya kupikia na kunywea maji visizibwe kwa lehemu ya kawaida. Mbao za simu mbovu zisichomwe motoni ili kupata metali, kwani moshi wake una risasi na sumu nyingine.

Kwa mnunuzi wa vyakula vya mkebe, asinunue uliovimba, unaovuja, uliobonyea kwenye maungio au ulioshika kutu nzito. Uvimbe ni dalili ya bakteria wanaotoa gesi ndani, na sumu ya botulizimu huweza kuua hata kwa kiasi kidogo sana. Mkebe wa namna hiyo hauchemshwi ili kuokoa chakula, wala halishwi mbwa, hutupwa.

Matumizi mengine

Stani inapatikana kwingine pia. Vioo bapa vya madirisha hutengenezwa kwa kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya kidimbwi cha stani ya moto, mbinu iliyokamilishwa na Alastair Pilkington nchini Uingereza katika miaka ya 1950. Kioo huelea na kutoka kikiwa laini pande zote mbili. Baadhi ya dawa za meno huwa na floridi ya stani ya kuzuia meno kuoza. Michanganyiko fulani ya stani, hata hivyo, ni sumu kali. Rangi za meli zilizotiwa tributilistani ili kuzuia konokono na mwani ziliharibu viumbe wa baharini, zikapigwa marufuku kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 ulioanza kutekelezwa 2008.

Jambo la mwisho ni la kutia moyo. Stani haichakai. Mkebe unaweza kuyeyushwa upya mara nyingi, na lehemu ya ubao mkuukuu huweza kurejeshwa kiwandani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawataka Wakenya watenganishe taka, na kaunti ziweke mahali pa kuzikusanya na kuzitumia upya. Mkebe na simu mbovu vinavyofukiwa shambani leo vina metali ambayo mtu mwingine, ng'ambo ya ziwa, anateremka shimoni kuitafuta.